Mama Mkwe Yumo Ndani ya King'amuzi

Mama mkwe wangu alifungiwa ndani ya king'amuzi mwezi wa saba, na kila nilipojaribu kumtoa nilijiongezea aibu. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akadhani nina ugomvi na mama wa watu. Sina. Kumwingiza nilimwingiza mimi mwenyewe, kwa kitufe chekundu cha rimoti, huku nyumba nzima ikipiga vigelegele.

Ilikuwa hivi. Mama yuko Muheza, ana shamba lake la michungwa, na siku moja watu wa kipindi cha kilimo wakapita kijijini kwao na kamera. Walimtaka mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti alikuwa Tanga mjini kwa shughuli zake, wakaelekezwa kwa mama. Alizungumza kwa dakika 3 na sekunde 40, kasimama chini ya mchungwa, kajitanda kanga mpya, akieleza jinsi walanguzi wanavyokuja kununua matunda yangali maua, wakitaja bei ya mti mzima. "Yeye anahesabu miti, mie nahesabu machungwa," alisema, na mtangazaji akacheka mpaka akasahau swali lililofuata. Sisi wa Tabata tulikuwa tumesimama wima sebuleni kama wimbo wa taifa unapigwa. Mke wangu, Mama Zuhura, aliwapigia simu ndugu zake wote kabla mama hajamaliza, kwa hiyo yeye binafsi hakusikia hata neno moja.

"Hukurekodi?" akaniuliza, kwa sauti ya mtu ambaye mkosaji keshampata.

Nikamwonyesha taa nyekundu inawaka. Katika miaka 22 ya ndoa sijawahi kutazamwa vile, na sidhani kama nitatazamwa tena.

King'amuzi chenyewe ni kile cha kifahari, chenye diski tumboni. Nilikinunua kwa bei ambayo Mama Zuhura anaijua nusu yake tu. Kinaweza kurekodi chaneli moja huku unatazama nyingine, kinaweza kusimamisha matangazo mgeni akibisha hodi, na kinaweza kuhifadhi vipindi mpaka kikashiba. Chetu kilikuwa kimeshiba asilimia 97. Humo ndani kulikuwa na mechi 3 za watani wa jadi (nahifadhi zile tulizoshinda, ndiyo maana ni 3), katuni za mdogo wetu, mama mkwe, na sehemu 214 za tamthilia moja ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili, ambamo kijana tajiri hupoteza kumbukumbu kila mahari ikikaribia kulipwa. Katika hizo 214, Mama Zuhura alikuwa ametazama kama nusu. Nyingine anazitunza. Ni kama zile sahani za kabatini: hazilii mtu chakula, lakini ole wako uzisogeze.

Basi juzi ukaingia ujumbe kwenye simu. Kampuni inawaarifu wateja wake wapendwa kuwa ving'amuzi vya aina yangu vinaondolewa. Turudishe cha zamani ndani ya siku 14, tupewe kipya bure. Neno "bure" lilinifurahisha kwa urefu wa sentensi moja. Sentensi iliyofuata ilisema vipindi vilivyorekodiwa havitahamishwa.

Nikapiga huduma kwa wateja. Nilisikilizishwa muziki kwa dakika 19, wimbo uleule unaorudi mwanzo kabla kiitikio hakijafika, halafu akapokea binti mwenye sauti ya asali. Nikamweleza habari ya mama, ya machungwa, ya mlanguzi. Alinisikiliza kwa adabu zote. Kisha akasema, "Pole sana, baba. Vipindi ni mali ya wenye haki zake. Wewe unapewa nafasi ya kuvitazama tu."

Nikamwambia diski nimeinunua mimi, umeme wa LUKU naulipa mimi, sebule ni yangu na mama mkwe ni wangu. Akaniuliza kama kuna jambo lingine lolote angeweza kunisaidia.

Hapo ndipo nilipoielewa hali yangu. King'amuzi ni mpangaji anayelipwa na mwenye nyumba. Amekaa sehemu nzuri kuliko wote, chini ya runinga, kwenye kitambaa cha kudarizi. Hafagii, hafungui mlango, na kila mwezi mimi ndiye ninayempelekea kodi.

Nikamwita Kassimu, mtoto wa dada yangu, anayesomea mambo ya kompyuta. Alifika jioni, akaniamkia, akala ugali na dagaa (vijana wa kompyuta hawagusi waya na njaa), akakigeuza king'amuzi mgongo. "Mjomba, mbona tundu la USB liko hapa?" Nikaona tumemaliza. Tukachomeka flashi. King'amuzi hakikuitambua hata kidogo. Tukaleta diski ya nje, ile kubwa ninayoihifadhia taarabu, nyimbo nilizokusanya kwa miaka 11 kutoka kwa jamaa wa Unguja, Tanga na Mombasa. Hiyo kikaitambua. Kikaandika maneno mengi ya Kiingereza kwa herufi ndogo, na chini yake vitufe viwili. Kassimu alikuwa ameenda kunawa mikono. Mimi nikabonyeza OK.

Aliporudi akatazama kioo, akanitazama mimi.

"Mjomba, umebonyeza nini?"

"Sijabonyeza kitu. Nimekubali tu."

Nilichokubali ni diski ifutwe yote ili iwe ya king'amuzi. Taarabu ya miaka 11 iliondoka kwa sekunde 8, bila hata mlio. Naomba nisilizungumzie zaidi. Kuna kaseti moja ya harusi ya mwaka 1989 ambayo mwenyewe aliniazima baada ya kumbembeleza miaka 4, naye sasa ni marehemu.

Ila mama aliingia kwenye diski. Dakika chache tu, kipindi kizima cha nusu saa kikanakiliwa. Tukaichomoa diski kwa mikono miwili kama yai, tukaipeleka kwenye kompyuta yangu, na kompyuta ikasema haiwezi kuisoma diski hii. Je, ningependa kuifuta? Kila chombo kikiiona diski ile kinataka kuifuta. Safari hii nilikuwa nimeweka mikono mgongoni.

Kassimu akafungua kompyuta yake, yenye Linux, ambayo anaisifu kama wengine wanavyosifu dawa ya mizizi. Kweli ikaisoma. Mle ndani hamkuwa na jina la mama, wala la kipindi, wala la Muheza. Mlikuwa na tarakimu tupu, kama namba za wafungwa. Akafungua faili kubwa kuliko yote kwa VLC, ile programu yenye koni ya barabarani, iliyoanzia kwa wanafunzi wa chuo kimoja huko Paris mwaka 1996 na ambayo inasifika kwa kufungua kila kitu. Ikatoka rangi ya kijani. Halafu miraba. Halafu giza.

"Hapo mama anasema nini?" akauliza Mama Zuhura kutoka jikoni.

Kassimu alinipa somo ambalo nitalirudia hapa, maana limenigharimu taarabu. Matangazo ya dijitali, alisema, yanakuja yamekatwakatwa vifurushi. Nikamwambia vifurushi navijua, navilipia kila mwezi. Akasema si hivyo, mjomba; hivi ni vidogo, kila kimoja baiti 188. Baiti 4 za mwanzo ni anwani: kifurushi hiki ni cha picha au cha sauti, cha chaneli gani. Zile 184 zinazobaki ndizo mzigo. Anwani inaachwa wazi ili chombo kijue cha kupokea; mzigo ndio unaofungwa, na palepale kwenye anwani kuna alama inayotangaza kwamba umefungwa. Kadi yako uliyolipia inatoa ufunguo wa kutazama. King'amuzi kinapohifadhi kipindi kwenye diski, kinakifungia kwa ufunguo wake chenyewe, ulio ndani ya mwili wake na usiotoka.

"Kwa hiyo bahasha inasomeka, barua haisomeki," nikasema.

"Hasa."

"Na nikiipeleka diski kwenye king'amuzi kipya watakachonipa?"

"Hakitafungua, mjomba. Hata kiwe pacha wake."

Kilichonichoma zaidi ni kwa jirani. Mzee wa nyumba ya pili ana king'amuzi kidogo cha antena, cha bei ya kuku wawili, kinachonasa chaneli za bure. Ukikichomeka flashi kinarekodi, na flashi ile ukiitia kwenye kompyuta yoyote inafunguka bila maswali, kwa sababu kilichokuja bila kufungwa kimehifadhiwa bila kufungwa. Nilikwenda mbio kumwuliza kama siku ile alirekodi kipindi cha kilimo. Hakurekodi. Alikuwa amerekodi utabiri wa hali ya hewa wa wiki iliyopita. Akanionyesha. Picha safi kama maji ya mtungini, na mvua iliyotabiriwa haikunyesha.

Sisi wa zamani tulizoea kinyume chake. Wakati wa utoto wangu mjomba mmoja alirudi kutoka Maskati na deki ya video, ya kwanza mtaani kwetu. Ilikuwa na kitufe cha kurekodi kilichoandikwa kwa rangi nyekundu, nasi tulikuwa tukikigusa kwa heshima, kwa sababu hapakuwa na cha kurekodi. Zanzibar walikuwa na televisheni yao tangu 1973, tena ya rangi. Sisi Bara tulikaa bila kituo hata kimoja mpaka 1994. Wenye antena ndefu wa Dar walikuwa wakizizungusha usiku kuivizia Zanzibar, wakipata nusu ya mtangazaji na chenga tele. Kwa hiyo deki ya mjomba ilikula mikanda ya Kihindi na ya karate tu, ya kukodi kwa siku. Vituo vilipokuja, kichwa cha deki kilikuwa kimekwisha.

Lakini mkanda ulikuwa mali! Ukirekodi mpira, umerekodi. Unautia kwenye kikapu, unaupeleka Tanga, unaazimwa, unarudi na ukungu, unaufuta kwa spiriti, unatazama. Ukitaka usifutwe, unavunja kile kijino cha plastiki ubavuni. Ukibadili mawazo, unaziba tundu kwa selotepu. Huo ndio ulikuwa ulinzi wote, nao ulikuwa mikononi mwa mwenye mkanda. Huko Marekani wenye sinema walimshitaki Sony kwa sababu ya mashine hizi, kesi ikafika Mahakama ya Juu, na mwezi Januari 1984 majaji 5 dhidi ya 4 wakasema mtu kurekodi nyumbani kwake ili atazame baadaye si kosa. Ilipotoka mashine ya kurekodi kwenye diski iitwayo TiVo, mwaka 1999, hao hao Wamarekani walikaa mpaka 2005 ndipo mashine ile ikawapa njia rasmi ya kuhamishia vipindi kwenye kompyuta, nayo kwa neno la siri. Miaka 6! Mimi nilikuwa na siku 14, na 3 zilikuwa zimeshaliwa na taarabu.

Sitaki nionekane napinga maendeleo. Usiku wa Desemba 31, 2012 mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam, mimi nilikuwa miongoni mwa waliokwisha kununua king'amuzi, na majirani walikuja kwangu kutazama mwaka mpya. Nilijiona mjanja. Kumbe nilikuwa wa kwanza kuingia, kama samaki kwenye dema.

"Si umrekodi kwa simu tu?" alisema Mama Zuhura siku ya nne.

Nililidharau wazo hilo mbele za watu, kisha nikalifanya usiku peke yangu. Niliweka simu juu ya vitabu, nikazima taa, nikawasha kipindi. Asubuhi tukaitazama kazi yangu. Mama alionekana kuanzia mabegani kushuka chini. Feni ilikuwa inasikika kuliko yeye. Kwenye dakika ya pili mbwa wa jirani alichangia mada. Na katikati ya shamba la michungwa, ndani ya kioo cha runinga, alikuwa amesimama mzee mwenye kitambi, kavaa singlendi na kikoi, anajikuna.

"Huyu nani?" akauliza Mama Zuhura.

Nikakaa kimya.

"Unataka nimpelekee mama picha hii? Ukiwa hivyo?"

Ikafutwa. Kwa mara ya kwanza tangu jambo hili lianze, kufuta kulifanyika kwa hiari.

Nikaenda Kariakoo. Kijana wa dukani aliniuzia kidude cha HDMI cha shilingi 45,000: upande mmoja unaingia waya wa king'amuzi, upande wa pili unaingia kwenye kompyuta, na kila kinachoonekana kwenye runinga kinarekodiwa. Aliniapia kwa jina la mama yake. Nikafika nyumbani, nikaunganisha, na kompyuta ikanionyesha weusi mtupu. Menyu ya king'amuzi haikuonekana, mama hakuonekana, Mturuki hakuonekana.

Kassimu akanifafanulia, nami nikamwelewa haraka kwa sababu nimewahi kupeleka posa Pwani. Kabla king'amuzi hakijatoa picha kwa waya ule, kinauliza kwanza: wewe ni nani, mtoto wa nani, ukoo gani? Runinga ina hati zake, inajibu, inakubaliwa. Kidude changu cha Kariakoo hakina ukoo. Kikiulizwa kinababaika, na mwenye binti anafunga mlango. Utaratibu huo unaitwa HDCP, walioutunga ni Intel, na kama wangekuwa na mabinti ningewaonea huruma vijana wa mji wao.

Nikarudi Kariakoo. Kijana akanionyesha kwenye risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nikamkumbusha mama yake aliyemwapia. Akasema mama hajambo. Pembeni yake alikuwepo fundi mmoja mtu mzima, anachomea bodi ya redio bila kuinua kichwa, akasema, "Mzee wangu, hicho king'amuzi nyuma hakina yale matundu matatu? Njano, nyekundu, nyeupe?"

Kinayo.

"Basi pita uani."

Matundu yale matatu ni ya enzi za deki. Picha inapita kwenye njano, sauti kwenye nyekundu na nyeupe, na hakuna anayemwuliza mwenziwe ukoo. Nikanunua waya tatu na kidude kingine, shilingi 25,000, nikaunganisha, na mama mkwe akatokea kwenye kompyuta yangu! Alikuwa amefifia kama anayetazamwa kupitia chandarua, lakini alikuwa yeye, na kanga ileile, na mchungwa uleule. Nilipiga ukelele, mpaka mdogo wetu akaja mbio akidhani ni goli.

Uani kuna adha moja. Hupiti mbio. Faili ungelihamisha kwa dakika chache. Picha ya waya lazima ichezwe mwanzo mpaka mwisho, kompyuta ikisikiliza. Kipindi cha saa moja ni saa moja. Kwa mama na dakika zake 3 na ushei haikuwa neno. Lakini Mama Zuhura alikuwa ameshaisikia habari njema, akaja na kiti.

"Sasa tuanze na sehemu ya kwanza," akasema.

Nikachukua karatasi. Sehemu 214, kila moja dakika 45, ni dakika 9,630. Ni saa 160 na nusu. Ni siku 6 na saa 16 na nusu, usiku na mchana, bila runinga kutazamwa kitu kingine, bila umeme kukatika, bila mtu kugusa rimoti. Zilikuwa zimebaki siku 5. Nikamsomea hesabu hiyo pole pole. Alinisikiliza, kisha akauliza kwa nini sikuanza mapema.

Tulifanya mazungumzo ya amani yaliyochukua jioni nzima. Alikubali kuziacha alizokwisha kuzitazama. Kisha akakubali kuacha zile ambazo kijana yuko hospitali. Kisha akagundua kwamba kijana yuko hospitali kuanzia sehemu ya 96 hadi ya 171, na akakasirika naye, jambo lililosaidia sana. Mwisho tukaafikiana zichukuliwe sehemu 20 za mwisho. Mechi zangu alisema ziko mtandaoni, kila mtu anazo. Nikamwambia hata Waturuki wako mtandaoni. Akasema bando analipa nani. Nimebaki na mechi moja.

Siku tatu nyumba ilikaa kama ina maiti. Watoto walitembea kwa vidole. Umeme ulikatika mara mbili, mara zote kijana akiwa ameshafungua mdomo kutaja jina la baba yake halisi, ikabidi turudie. Majirani waliokuja kutazama taarifa ya habari walikaribishwa chai, wakatazamishwa arusi ya Istanbul.

Jioni ya mwisho tukamrekodi mama. Kipindi hiki nilikisimamia mwenyewe kwa sheria kali: rimoti niliiweka juu ya kabati, milango ikafungwa, feni ikazimwa ingawa haikuwa na kosa. Kwa dakika 3 na sekunde 40 hakuna aliyepumua kwa nguvu. Sauti ilikuwa inachelewa kidogo nyuma ya picha, kwa hiyo mama alikuwa anafunga mdomo kwanza, maneno yanafuata. Na mama kufunga mdomo kwanza mimi sijawahi kuliona. Mama Zuhura alilia, safari hii akisikia kila neno. Tukamwandikia flashi, tukamfungia kwenye karatasi ya nailoni, tukampa binamu aliyekuwa anapanda basi la alfajiri kwenda Tanga. Kesho yake nikakipeleka king'amuzi kwa wenyewe. Binti wa kaunta alikichukua, akakizungusha, akakitupia kwenye boksi lenye vingine kama ishirini hivi, na nikajikuta nawaza kuhusu mama wakwe wa watu.

Jumapili mama akapiga simu.

"Baba Zuhura, mwanangu, hujambo?"

"Sijambo mama, shikamoo."

"Marahaba. Nimejiona. Tumekwenda kwa mwenyekiti, ana ile runinga kubwa, tumejaa mpaka barazani. Nimependeza."

"Umependeza sana, mama."

"Ila kuna maandishi hapa kifuani pangu. Yamenikaa tangu nilipoanza kusema mpaka mwisho. Mwenyekiti amewasomea watu. Eti kifurushi chako kitaisha baada ya siku mbili, tafadhali lipia. Mwanangu, mie nadaiwa na nani?"

Nikaiwasha kompyuta, simu ikiwa begani. Kweli yalikuwepo. Ukanda wa buluu, maandishi meupe, kutoka kwapa hadi kwapa, ukifunika na machungwa yote ya upande wa kulia. King'amuzi kilikuwa kinamdai mwenye nyumba, kama kawaida yake, na kilikuwa kinasubiri mtu abonyeze OK ili kiuondoe, na rimoti ilikuwa juu ya kabati. Tulikuwa watu watano sebuleni, tumekodoa macho, na hakuna aliyeuona. Ujumbe ule tumeuzoea kama ufa wa ukutani.

"Si wewe, mama," nikasema. "Ni mimi."

Akanyamaza. Kwa nyuma nilisikia mtu akiuliza "anasemaje?" na mwingine akimjibu "ni mkwewe."

"Wewe ndiye unadaiwa?"

"Si deni hasa, mama. Ni kifurushi, kinaisha, ukitaka kuendelea unalipia…"

"Basi, mwanangu, basi. Usijieleze. Mambo ya mjini nayajua."

Akakata. Nikakaa nikitafuta namna ya kumsimulia Mama Zuhura, aliyekuwa uani anaanika nguo, bila kulitaja neno mwenyekiti. Haikupita nusu saa simu ikalia: nimepokea shilingi 30,000 kutoka Muheza. Nyuma yake ukafuata ujumbe, ulioandikwa na mjukuu lakini maneno ni yake: "Kalipe mwanangu msije mkazimiwa. Nimemwuzia yule mlanguzi mti mmoja."